Chupa Niliyoiandika "Vidonda vya Tumbo"

Ninyi manesi wachanga mlioniomba niwaandikie jambo la kuwatia moyo, niwaambie mapema kwamba mmekosea mlango. La kutia moyo waulizeni waliostaafu juzi, bado keki ya kuagwa iko kwenye friji. Mimi nimekaa na wagonjwa wa kifafa zaidi ya miaka thelathini, kwanza kule Siakago kwenye joto na vumbi, halafu huku Githongo kwenye baridi na kahawa, na kichwani mwangu wamebaki zaidi wale walioungua. Lakini mmeomba kwa adabu, na mmoja wenu ameniita cucu, yaani bibi, kana kwamba nimeshazikwa nusu, basi ketini.

Nianze na kidole changu, maana najua mnakitazamaga. Nilikuwa mgeni kazini Siakago, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Ilikuwa siku ya soko. Muuza muguka mmoja, yale majani ya kutafuna, akaanguka karibu na mizani yake, akaanza kutetemeka, povu mdomoni. Watu wote wakamkimbia, mimi nikamkimbilia. Walikuwa wanaamini lile povu likikugusa umeupata, na wengi bado wanaamini, msidanganyike na simu zao. Nikanyakua kijiko cha mama muuza uji nikijaribu kukipenyeza kati ya meno. Kikakataa. Nikaona, aah, kidole ni chembamba kuliko kijiko. Mungu wangu! Yule mtu aliniuma mpaka mfupa.

Aliyenishona alikuwa mkubwa wangu, Bwana Njeru, mtu wa Embu kama mimi, daktari wetu wa pale kituoni ingawa kwa vyeti alikuwa tabibu tu, klinikal ofisa. Alishona huku anacheka mpaka uzi unacheza.

"Sista Marigu, kijiko ni cha uji. Huyu mtu alikuomba uji?"

Akanifundisha mambo ambayo mimi nimeyarudia maisha yangu yote mpaka nikayachoka. Mlaze ubavu. Mlegezee nguo shingoni. Sogeza mawe, sogeza jembe, sogeza sufuria. Tazama saa yako, ikipita dakika tano tafuta gari. Halafu ile mikono yako, akasema, itie mfukoni. Hapo kwa mikono ndipo nesi mchanga hushindwa. Unataka kushika, unataka kumwaga maji, unataka watu waone unafanya kitu.

Bwana Njeru alikuwa na njia yake moja niliyoipenda. Hakuuliza mgonjwa, kwa sababu mgonjwa hajui, yeye alikuwa hayuko. Aliuliza aliyeona, na hakutaka maneno. "Niigizie," alisema. Nimeona bibi wa miaka sabini akilala kwenye sakafu ya kliniki, leso imemtoka kichwani, akipiga mguu wa kushoto tu, wa kulia umetulia, na Bwana Njeru anaandika: umeanzia upande mmoja. Sisi manesi tulitoka nje kucheka, halafu tukarudi na nyuso za kanisani. Siku hizi mnaletewa video kwenye simu, ni afadhali sana. Lakini muulize aliyeshika simu kilichotokea kabla hajaanza kurekodi, maana mara nyingi jibu liko hapo.

Na msisahau jiko. Ukiona mtu mkono umekunjamana, vidole vimeshikana, usimuulize aliungua vipi, atakudanganya kwa aibu. Muulize alianguka lini mara ya kwanza. Huku kwetu mafiga yako chini, na mwanamke huinama juu ya moto tangu akiwa mtoto. Nilikuwa natembelea boma najifanya nimekuja kuomba maji, kumbe naangalia jiko limeinuliwa au bado. Kuna baba mmoja niligombana naye mpaka akanifungulia mbwa. Wiki iliyofuata alijenga lile jiko. Alisema amelijenga ili nisirudi.

Sasa nije kwa Kendi, kwa sababu hayo mengine mtayasoma vitabuni. Majina nimeyageuza, na mwenye haki ya kunikataza ameniambia niseme.

Kliniki yetu ya kifafa Githongo ilikuwa Jumatano, kwenye benchi la nyuma pamoja na wagonjwa wa akili. Kila aliyepita barabarani aliona nani ameketi pale. Kina mama walikuja wamejifunika leso hadi puani, jua linawaka. Kendi yeye hakuwa anaketi. Mama yake ndiye aliyekuja kumchukulia dawa, akiingilia upande wa chanjo kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Kendi alikuwa fundi wa nguo, msichana wa kucheka kwa sauti, na tangu tumpatie kipimo sawasawa hakuwa ameanguka hata mara moja. Tembe moja jioni, basi. Alikuwa mgonjwa wangu wa kujivunia.

Siku moja mama yake akaingia akafunga mlango.

"Sista, wamekuja kuuliza."

Ninyi wa huku hamhitaji kuelezwa, lakini labda mmoja wenu ametoka mbali. Kijana akitaka kuoa, kabla ya mahari kutajwa, kwao hutuma watu kuchunguza boma la msichana. Hawaji wakisema wamekuja kuchunguza. Wanakuja kwa jirani kununua miche ya ndizi, na wakichimbua miche wanauliza: hawa watu wanalewa? Kuna mwizi? Kuna mtoto anayeanguka? Likipatikana hilo la mwisho, miche inabebwa na wenyewe hawaonekani tena. Na haiishii kwa huyo msichana. Dada zake wote wamefungiwa mlango.

Kijana aliitwa Mutwiri. Kendi alimpenda, na yeye Mutwiri alikuwa mtu mzuri, wala sijabadilisha neno hilo mpaka leo.

"Jirani wamesema hapana kitu," mama yake akaniambia. "Lakini akiolewa ataenda na dawa. Watasoma chupa. Haki Sista, wewe andika kitu kingine."

Nilikataa. Akalia. Nikakataa tena, kwa sauti ndogo zaidi. Halafu nikafikiria akina dada wote niliowaona wakizeekea jikoni kwa mama zao, wanalea watoto wa wengine, wanarushiwa chakula kama kuku. Nikachukua chupa nyingine, nikamwaga tembe ndani, nikaandika kwenye kibandiko kwa mkono wangu huu: Dawa ya vidonda vya tumbo. Moja jioni. Kadi yake ya kliniki nikaifungia kwenye droo yangu. Nilijiona mwerevu, nisiwafiche. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Kendi akaolewa. Kila mwezi mama yake aliichukua dawa, akampa sokoni, na Kendi akaijaza ile chupa. Mume hakujua. Mama mkwe, Mama Mutwiri, hakujua.

Huyu Mama Mutwiri ndiye nataka mumjue. Mjane, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya kuchuma kahawa. Alikuwa anakuja kwangu kila mwezi kupimwa presha, na alikuwa haachi kuongea juu ya mke wa mwanawe. Alisoma ile chupa akaamini, na akiamini jambo analifanya. Akaanza kumpikia Kendi chakula chake peke yake. Githeri akamkataza kwa sababu ya maharagwe, pilipili akaitoa nyumbani kabisa, akampondea ndizi na maziwa, na chai ya rangi ikawa marufuku.

"Tumbo la mtoto wangu ni la kubembeleza," alinieleza nikimfunga mkono ile mashine. "Wewe huna dawa yenye nguvu zaidi?"

Nikamwambia hiyo inatosha. Nilimtazama machoni nikamwambia hivyo.

Miaka miwili ikapita vizuri. Halafu Kendi akapata mimba. Mama Mutwiri akasikia kanisani kwenye mkutano wa akina mama kwamba mwenye mimba asimeze dawa ovyo, na hilo si uongo, hata ninyi mnalifundisha. Akaangalia mke wa mwanawe. Hajawahi kumsikia akilalamika tumbo. Siku moja alikuwa amemkuta nyuma ya ghala anakula githeri kwa siri, na hakuumwa. Sasa mtu mwenye akili timamu afikirie nini? Vidonda vimepona. Akachukua ile chupa kwa upendo wote, akaifungia kwenye sanduku lake pamoja na Biblia na karatasi za shamba.

"Tumbo lako limepona, mwanangu. Hizi dawa zitachoma mtoto."

Na Kendi angemjibu nini? Angesema vidonda havijapona na juzi amefumaniwa na githeri? Mama yake mzazi wakati huo alikuwa amelazwa kwa nyonga iliyovunjika, sokoni hakuna wa kumletea. Alibaki peke yake na ule uongo niliomtengenezea.

Siku tatu baadaye walikuja kliniki ya wajawazito, yeye na mama mkwe. Mimi nilikuwa napita na faili. Niliwaona kwenye foleni, Mama Mutwiri ameshika mkoba wa Kendi ili asibebe uzito. Kendi akaniangalia. Akaniangalia sana. Akainuka nusu. Na mimi, kwa ile sheria yetu ya kumlinda, nikasema "Muga, hamjambo," kama ninavyowasalimia wote, nikaendelea na safari yangu. Nilijifanya simjui. Hata nilijisifu moyoni kwamba nimemficha vizuri.

Mnajua dawa ya kifafa ikikatwa ghafla. Kama hamjui, fungeni haya maandishi mkasome kwanza.

Alianguka asubuhi, shambani, katikati ya wachumaji. Wachumaji wakatawanyika wote, wengine wakaacha ndoo zao. Aliyebaki ni Mama Mutwiri. Alimshika kichwa akakiweka mapajani, akampangusa lile povu kwa leso yake bila kuogopa, hajui jina la kitu anachokitazama. Kendi alitetemeka, akatulia, akatetemeka tena kabla hajaamka. Na tena. Wakampakia kwenye pikapu ya kubebea magunia wakampeleka kliniki ya karibu, si hii yetu.

Pale palikuwa na kijana mmoja tu, mgeni wa kazi. Akauliza swali sahihi kabisa. "Mama, huyu ana historia ya kifafa?"

"Hapana. Ni vidonda vya tumbo tu, na vimepona," akasema Mama Mutwiri. Na ili asionekane mwongo akampa chupa, alikuwa ameitoa sandukuni walipopita nyumbani.

Kijana akasoma mwandiko wangu. Mwandiko wa nesi, safi, wa kuaminika. Mwanamke ana mimba ya miezi sita, anatetemeka, hana historia: akasema ni kifafa cha mimba. Presha ilikuwa ya kawaida, na kifafa cha mimba huja na presha ya juu, hilo lingepaswa kumshtua, lakini nani angemlaumu? Akamtibu kwa hilo. Mtetemo haukukoma. Walipopata gari la kumpeleka hospitali kubwa jua lilikuwa limefika kichwani, na alikuwa ametetemeka tangu umande haujakauka. Kendi hakufika. Wala yule mtoto.

Mimi niliambiwa kesho yake na mfagizi wetu, tukiwa mlangoni. Niliketi palepale sakafuni.

Halafu maneno yakaanza. Mnajua vijiji vyetu. Alikuwa mzima, alikuwa anachuma kahawa, amelala chini ghafla, na nani alikuwa anampikia chakula chake peke yake? Nani alimnyang'anya dawa? Tena hakukimbia lile povu kama wenzake, kwa hivyo alijua ni kitu gani. Matanga hayajaisha watu wakaacha kunywa chai ya Mama Mutwiri. Mutwiri mwenyewe, kwa ule uchungu, akaacha kula mkononi mwa mama yake.

Kabla sijakusanya nguvu ya kusema, mama yake Kendi akaja kwangu kwa magongo mawili.

"Sista, nimebaki na Makena. Wameshaanza kumuuliza." Makena ni mdogo wake Kendi. "Ukifungua mdomo umeua wawili."

Wiki moja baadaye akaja Mama Mutwiri. Haikuwa siku yake ya presha. Akaketi, akaweka ile chupa mezani, kibandiko kikinitazama.

"Sista, hii dawa ni ya nini?"

Ningeweza kudanganya tena, nilikuwa na mazoezi. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kadi ikiwa mkononi, tangu ile siku ya mlango kufungwa. Hakulia. Aliangalia mikono yake.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Hapana mama. Ni mimi. Wewe ulisoma nilichoandika."

"Ningemwinulia jiko," akasema. "Ningekuwa namuamsha nimpe mwenyewe. Kwani alifikiri nitamfukuza?"

Nikamwambia kesho nitakuja kwake, aite Mutwiri na wazee wa ukoo, niseme mbele yao. Kazi wakininyang'anya, waninyang'anye. Nilikuwa namaanisha, naapa. Akaniuliza kama mama yake Kendi ana mtoto mwingine. Nikasema ndiyo, Makena, na ameshaanza kuuliziwa. Akasikiliza nje wanavyoita namba za foleni.

"Basi wacha," akasema.

"Mama, wanasema umeroga! Mwanao hali kwako!"

"Mimi nilishaolewa, Sista. Nilishazaa. Wakisema nimeroga watasema mpaka wachoke. Huyo msichana wakisema ako na kuanguka kwa damu yao, hiyo hawachokangi."

Akaacha chupa mezani akaenda zake. Na mimi nikawacha. Sikilizeni hapo vizuri, kwa sababu ninyi mtafundishwa siri ya mgonjwa mpaka mtaiota, na ni kweli, siri ni ya mgonjwa. Lakini kufunga mdomo ni jambo moja, na kuandika uongo kwenye chupa ni jambo lingine. Mwambieni mgonjwa achague mtu mmoja tu katika nyumba anayolala, mmoja ajue. Asipotaka leo, muulizeni mwezi ujao. Mimi sikumuuliza Kendi hata mara moja. Niliongea na mama yake.

Nilitoa vibandiko vya uongo vyote, maana Kendi hakuwa peke yake, nilikuwa nimeandika vingine vinne. Nilipigana mpaka Jumatano ikaondolewa, wagonjwa wa kifafa wakapangwa foleni moja na wa sukari na presha, mtu asijulikane kwa benchi. Hizo ndizo kazi wanazonisifia. Mnaponiona napewa kiti cha mbele kanisani, ni hizo.

Mama Mutwiri aliendelea kuja kila mwezi kupimwa presha. Miaka tisa. Alikuwa anaketi mwisho wa benchi, na wenzake wanasogea kidogo. Kila mara ni yeye aliyenisalimia kwanza. Aliniuliza habari za watoto wangu kwa majina. Hakuwahi kulitaja lile jambo, na mimi, aibu yangu, nilishukuru.

Makena aliolewa Embu. Alipopata mtoto wa kwanza akamweleza mume wake mwenyewe habari za dada yake. Mume akasema, "Si hata shangazi yangu anaanguka? Mbona hukuniambia mapema nikuonyeshe." Ikaisha hivyo. Alinipigia simu kunieleza, akasema sasa naweza kusema kwa yeyote, nikamwambia nitaenda kwa Mutwiri wiki hiyo. Nikaahirisha. Kulikuwa na chanjo, halafu mvua, halafu kustaafu kwangu. Mama Mutwiri akafa katikati ya visingizio vyangu, kwa kiharusi, mgonjwa wangu wa presha. Waliomzika walikuwa wachache, na Mutwiri alisimama mbali na kaburi.

Ndipo nilipoenda. Mutwiri ana duka la nyama Majengo, Meru mjini, amepanga chumba nyuma yake. Amenenepa, nywele zimeanza mvi. Alinipa stuli, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, kutoka chupa mpaka maneno ya mama yake. Alikuwa anafuta kisu kwa kitambaa, akaendelea kukifuta.

"Mama alijua ni nani wa kulaumiwa?" akauliza.

"Alijua. Ni mimi. Alinikataza kusema."

"Na ulikuwa unamwona?"

"Kila mwezi."

Akaweka kisu chini. "Kila Jumamosi alikuwa ananitumia nduma na mtu wa gari. Zimechemshwa, zimefungwa kwa kitambaa, bado ziko moto zikifika. Miaka tisa. Nilikuwa nazitupia mbwa wa hapa Majengo." Akaonyesha mlangoni. "Sista, hata moja sikuonja."

Mteja akaingia akaomba nusu kilo isiyo na mafuta, na Mutwiri akasimama pale, hajui tena mizani iko wapi.